Lukea quentinii: Mmea wa Kaya Ribe Ulio Hatarini Kabisa Kutoweka

Katika wadi ya Kambe/Ribe, Kaunti Ndogo ya Rabai, upo msitu wa hekta 36, yaani ekari 89 hivi. Ni Kaya Ribe, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Mwaka 2022 msitu huo uliingia katika maandishi ya sayansi ya mimea kwa sababu ya mmea mmoja wenye kimo cha kichaka, unaoota humo chini ya kivuli cha miti mikubwa. Wanasayansi waliupa jina la Lukea quentinii. Katika chapisho lilo hilo lililoutambulisha kwa ulimwengu, waliuweka pia katika daraja la viumbe vilivyo hatarini kabisa kutoweka. Ni sawa na mtoto kupewa cheti cha kuzaliwa na kitanda cha wagonjwa mahututi kwa siku moja.

Huenda mkazi akauliza: mimi ninayehangaika na karo, maji na bei ya unga, mmea wa msituni unanihusu nini? Unamhusu kwa sababu maelezo yaliyochapishwa yanautaja mmea huu kutoka Kaya Ribe pekee. Ukimalizika Ribe, hakuna kaunti jirani wala nchi jirani itakayotuazima mbegu. Ni nadra sana jambo la uzito huo kuwa mikononi mwa wakazi wa wadi moja.

Makala haya yanaeleza mmea huu ni upi, kwa nini uko hatarini, na ni nini hasa kinachoweza kuusaidia. Tumeyaandika kwa ajili ya wakazi wote wa kaunti, ila kwanza kabisa kwa ajili ya majirani wa kaya.

Mpya kwa nani?

Tunaposema mmea ni mpya, hatusemi kwamba umeota juzi. Ulikuwapo kabla ya barabara, na kabla ya Waribe wenyewe kujenga makao yao ndani ya msitu huo. Upya wake ni wa kwenye daftari. Mpaka mmea uwe na maelezo yaliyochapishwa, jina la kisayansi, na kielelezo kilichohifadhiwa mahali panapojulikana, hakuna sheria inayoweza kuutaja wala mradi unaoweza kuuombea fedha. Kisicho na jina hakiandikwi kwenye orodha ya vinavyolindwa.

Namna ya kuupatia mmea jina ni kazi ya subira. Mtaalamu akikutana na mmea asioufahamu, hukata kitawi chenye majani na maua au matunda, akakibana katikati ya magazeti mpaka kikauke, kisha kikabandikwa kwenye karatasi ngumu yenye lebo ya mahali, tarehe na jina la aliyekichuma. Vielelezo vya namna hiyo kutoka nchi zetu hutunzwa katika hifadhi ya mimea mikavu ya Afrika Mashariki, iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya jijini Nairobi, na nakala zake nyingi hupelekwa katika Bustani ya Kifalme ya Mimea ya Kew, London. Humo vinaweza kukaa miaka mingi kabla ya mtu kuvikagua kwa makini na kugundua kwamba havifanani na chochote kilichowahi kuelezwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mmea wa Ribe. Kwa muda vielelezo vyake vilidhaniwa huenda ni vya jenasi iitwayo Uvariopsis, ambayo ina wanachama wengi Afrika ya Kati na Magharibi. Wataalamu wa Kew, Martin Cheek na George Gosline, walipoyachunguza maua waliona kwamba haukuwa na nafasi katika jenasi hiyo wala nyingine yoyote iliyojulikana. Ikabidi iundwe jenasi mpya, Lukea. Jina hilo ni heshima kwa Quentin Luke, mwanabotania wa Kenya ambaye kwa miongo kadhaa amezunguka misitu ya pwani na ya kaya akiorodhesha mimea yake. Kwa hiyo jina lote la mmea, la kwanza na la pili, limetoka kwake.

Tofauti ya jenasi na spishi inafaa kufahamika, kwa kuwa ndiyo inayoupa mmea huu uzito. Spishi ni kama mtoto katika nyumba; jenasi ni nyumba yenyewe. Spishi mpya za mimea huelezwa kila mwaka. Jenasi mpya ni jambo la nadra zaidi. Kaya Ribe imeipa dunia nyumba mpya yenye watoto wawili tu: huyu wetu, na ndugu yake Lukea triciae, aliyepatikana katika milima ya Udzungwa nchini Tanzania, umbali wa kilomita 500 hivi kutoka hapa. Naye yuko hatarini.

Ukoo unaoujua tayari

Usidhani ukoo wa mmea huu ni mgeni kwako. Uko katika familia ya Annonaceae, na karibu kila boma la Pwani lina mwanachama mmoja wa familia hiyo. Mtomoko na mstafeli ni wa humo. Mlangilangi, ambao maua yake hutiwa kwenye vikuba na kwenye nywele za bibi harusi, ni wa humo pia. Vilevile mkilua. Huu wa mwisho una kisa kinachofaa kukumbukwa: mwaka 1970 mwanabotania Bernard Verdcourt alipouandika katika sayansi kama jenasi mpya, hakutafuta jina la Kilatini wala la mtu mashuhuri. Alichukua lile lile ambalo akina mama wa Pwani walikuwa wakilitumia, na hadi leo dunia nzima inauita Mkilua fragrans. Si mara nyingi Kiswahili kinatangulia hivyo.

Kinachoutambulisha Lukea ni ua lake. Maua ya kawaida ya familia hii yana sepali tatu, yaani vile vijani vidogo vinavyolifunika chipukizi la ua, na petali sita zilizopangwa katika safu mbili. Lukea una safu moja tu, petali tatu. Zile sepali nazo zimeungana na kitako cha ua na kuwa bakuli bapa la mviringo, mithili ya kisahani cha kikombe cha kahawa, na petali zimekaa juu yake. Katika familia hiyo, Afrika nzima, hakuna jenasi nyingine yenye chipukizi na ua la sura hiyo. Inayoukaribia zaidi kwa maumbile iko mbali sana, Afrika Magharibi.

Mtu anaweza kushangaa: ndugu mmoja Rabai, mwingine Udzungwa, na binamu upande wa Atlantiki, wamefikaje huko? Maelezo ya wataalamu ni kwamba zamani sana misitu ya mvua ya Afrika ilikuwa imeungana kutoka pwani hadi pwani. Hali ya hewa ilipokauka, msitu wa katikati ulitoweka na kuacha nyika, na vikabaki vipande vipande upande huu wa bahari ya Hindi ambako unyevu haukukatika. Kaya Ribe ni kipande kimojawapo. Ndiyo sababu misitu yetu, ingawa ni midogo, imejaa mimea ambayo haina jamaa wa karibu hapa jirani.

Itajwe pia kwamba mwaka huo huo wa 2022 mmea mwingine wa kundi hili, kutoka msitu wa Ebo nchini Kameruni, ulielezwa na kupewa jina la mwigizaji Leonardo DiCaprio, aliyekuwa amepaza sauti dhidi ya ukataji miti huko. Magazeti ya dunia yaliuandika sana mmea huo. Wetu haukupata mwigizaji, na huenda ndiyo sababu wengi wetu tunausikia leo kwa mara ya kwanza.

Hatari kabisa maana yake nini

Daraja hizi za hatari zimewekwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile, IUCN. Zinaanzia kwa viumbe visivyo na wasiwasi, zikapanda hadi vilivyotoweka. Daraja la "hatarini kabisa" ndilo la mwisho kabla ya kiumbe kutoweka porini. Halitolewi kwa huruma, lina vipimo. Kimojawapo ni kwamba eneo ambalo mmea unalikalia lisizidi kilomita za mraba 10, uwe umejulikana kutoka mahali pamoja, na makazi yake yawe yanaendelea kupungua au kuharibika. Waliouelezea Lukea quentinii walipouweka katika vipimo hivyo, ndipo ulipoangukia. Ndugu yake wa Udzungwa, mwenye msitu mpana kidogo, amewekwa daraja moja chini ya hilo.

Hebu tupige hesabu ya hekta 36. Msitu huo ungekuwa mraba kamili, kila upande wake ungekuwa na urefu wa mita 600. Mtu mzima akitembea kwa mwendo wa kawaida anauvuka kwa dakika zisizofika kumi. Akisimama katikati kabisa, ukingo uko mita 300 tu kutoka alipo. Sasa tuseme jua, upepo, moto wa kuandaa shamba na mifugo vinaingia mita 50 tu kutoka ukingoni pande zote. Kinachobaki ndani kikiwa salama ni mraba wa mita 500 kwa 500, yaani hekta 25. Hekta 11, karibu theluthi moja ya msitu, zimeharibika bila mtu yeyote kuhamisha mpaka wala kufyeka "ndani". Kaya halisi haina umbo la mraba, ina kona na pembe nyingi, na kwa hiyo hasara ya kweli ni kubwa kuliko hiyo. Kwa kulinganisha, msitu wa Arabuko-Sokoke katika kaunti yetu hii hii una kilomita za mraba zipatazo 420. Kaya Ribe ingeingia humo zaidi ya mara 1,100.

Kwa mmea unaopenda kivuli na unyevu, ukingo mkavu si mahali pa kuishi. Familia ya mtomoko kwa kawaida huchavushwa na wadudu wadogo, hasa mbawakavu, na mbegu zake husambazwa na ndege, kima na wanyama wengine wanaokula matunda. Ukikausha msitu unawafukuza hao kwanza, na mti unabaki umesimama lakini hauna wa kumpa uzazi. Mtu akipita ataona kijani na kudhani mambo ni shwari.

Tena kuna suala la unene. Miti mikubwa ya kaya inajilinda kidogo kwa ukubwa wake: kuiangusha ni kazi, ina kelele, na jirani atasikia. Mmea wenye kimo cha kichaka hauna ulinzi huo. Mashina membamba ya chini ya msitu ndiyo hasa yanayotakiwa na mtu anayetafuta fito za nyumba, mpini wa jembe au mzigo wa kuni, na panga moja linatosha. Anayekata fito haulizi jina la mti. Asubuhi moja ya kazi ya kawaida, isiyo na nia mbaya yoyote, inaweza kuondoa sehemu kubwa ya idadi yote iliyopo duniani.

Tulishaupoteza mmoja

Haya si maneno ya kutisha watu. Yameshatokea hapa hapa Kilifi.

Mwaka 1977 wanabotania walikuta katika eneo ambalo sasa ni kaunti yetu mti mrefu wenye majani makubwa usiojulikana. Baadaye ulipewa jina la Karomia gigas, neno la pili likiwa na maana ya jitu. Ulikuwa mti mmoja pekee uliojulikana. Haukupita muda mrefu ukakatwa. Aliyeukata hakujua, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba spishi hiyo imekwisha.

Kisha mwaka 1993 ikaonekana tena mamia ya kilomita kusini, katika misitu ya pwani ya Tanzania upande wa Kilwa. Ikapotea tena machoni, na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakakuta miti sita. Tangu hapo Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania imeweka ulinzi, na mwaka 2018 matunda kwa maelfu yalipelekwa katika bustani ya mimea ya Missouri, mjini St. Louis, Marekani, ili kujaribu kuotesha miche. Matunda mengi hayakuwa na mbegu nzima, na mengine yaliharibiwa na kuvu. Miche iliyopatikana ilikuwa michache, na imelelewa kwa uangalizi wa wataalamu mchana na usiku.

Pima gharama hiyo: ndege, maabara, mafundi, miaka. Yote ni kwa sababu ya kuufufua mti ambao uliwahi kusimama bure katika ardhi yetu. Karomia gigas angalau alikuwa na ndugu zake Tanzania. Lukea quentinii hana akiba ya namna hiyo.

Wazee walitangulia sheria

Kaya zilikuwa vijiji vyenye ngome ndani ya msitu, ambamo Wamijikenda waliishi kwa karne kadhaa. Watu walipohamia nje, msitu ulibaki kuwa mahali pa makaburi, sala na fingo, ukiwa chini ya wazee wa kaya. Miiko yake inajulikana: mti mbichi haukatwi, mifugo hailishwi ndani, asiye na ruhusa haingii, na anayeingia hufuata njia zile zile za zamani. Ukiutazama mwiko huu wa mwisho kwa jicho la mwanabotania utauona una thamani kubwa. Watu kupita njia moja maana yake ni kwamba sehemu iliyobaki ya sakafu ya msitu haikanyagwi, na ni kwenye sakafu hiyo ambapo mbegu ya mmea wa kivulini huota. Wazee hawakuwa na jina la Lukea quentinii kwenye orodha yoyote, lakini kama si miiko hiyo, mwaka 2022 kusingekuwa na kitu cha kupewa jina.

Sheria ya nchi ilikuja baadaye kuunga mkono. Kuanzia mwaka 1992 kaya zilianza kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa turathi za kitaifa, na mwaka huo huo Makavazi ya Kitaifa yaliunda Kitengo cha Uhifadhi wa Misitu ya Pwani, chenye ofisi hapa Kilifi. Leo zinalindwa na Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006; kukata, kuchimba au kujenga ndani yake bila idhini ni kosa. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa, Ribe ikiwemo, katika Orodha ya Turathi za Dunia. Mwaka uliofuata mila na desturi zinazohusiana na kaya ziliwekwa katika orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka. Wakati huo ilikuwa imeonekana wazi kwamba vijana wanaojua miiko ni wachache kuliko wazee wanaoiaga dunia.

Tangazo la UNESCO halina miguu ya kufanya doria. Kinachoilinda Kaya Ribe kila siku ni wazee, askari wa kaya wachache, na majirani wanaoamua kutopitisha macho pembeni wanapomwona mtu anatoka msituni na mzigo. Mzee wa kaya anaposema msitu umefungwa, ana sheria nyuma yake. Chifu na polisi wanatakiwa kumpokea hivyo.

Mwarobaini nao

Kuna adui mwingine ambaye haji na panga, na ni rafiki yetu mkubwa nyumbani. Mwarobaini, ambao wengi huuita mkilifi kana kwamba ni mzaliwa wa hapa, asili yake ni bara Hindi. Dawa yake tunaijua, kivuli chake tunakipenda. Tatizo ni kwamba ndege na popo hula matunda yake na kuzidondosha mbegu popote wanapotua, na msitu wa kaya ni pahali pao pa kulala. Ukishika mizizi ukingoni au kwenye uwazi uliotokana na mti kuanguka, unakua haraka kuliko miti ya asili na kuitwalia nafasi. Mkuti wa lantana, ule wenye maua ya rangi mchanganyiko na harufu kali, nao hufanya vivyo hivyo kwenye kingo zilizofyekwa.

Hakuna anayesema mwarobaini ung'olewe vijijini. Lakini mwenye shamba linalopakana na kaya angefanya wema kama asingepanda mwingine mpya kwenye mpaka, na miche inayojiotea ndani ya kaya ing'olewe ikiwa bado midogo, kwa idhini na mpango wa wazee.

Hapo ndipo penye kutoelewana kuhusu upandaji miti. Nchi imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti. Ni jambo jema, na kaunti yetu ina mashamba mengi yanayohitaji miti. Hata hivyo, idadi ya miti si idadi ya spishi. Unaweza kupanda mikaratusi milioni moja na ukawa hujaokoa hata mmea mmoja wa aina ya Lukea. Kikundi kinachotaka kupanda miti kwa nia njema kisiipeleke miche ya kununua ndani ya kaya. Msitu wa asili ukiachwa bila kusumbuliwa huwa unajipanda wenyewe, tena kwa miti yake. Mahali pa kupanda ni nje, kuuzunguka msitu, ili jua na upepo vikutane na ukuta mwingine kwanza.

Mkazi afanye nini

Kwa anayeishi jirani na kaya yoyote, hatua yenye faida ya haraka ni kuwa na fito na kuni za kwako. Kilifi tayari ni mashuhuri kwa kilimo cha mvinje. Nguzo zake zinajenga nyumba na hoteli kuanzia hapa hadi Mombasa. Robo ekari ya mvinje kwenye shamba la jirani wa kaya inamwondolea sababu ya kuingia msituni, na inampa kitu cha kuuza baada ya miaka michache. Moto wa kusafisha shamba kabla ya masika uwe na mkingamo uliofyekwa upande wa kaya, na mtu wa kuusimamia hadi uzime. Mbuzi wafungwe au wachungwe. Haya ni mambo madogo, lakini ukirudi kwenye ile hesabu ya mita 50 utaona yanaokoa hekta ngapi.

Fedha zinaweza kupatikana kutokana na msitu bila kuukata. Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 kwa ajili ya wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke, umekuwa ukiwalipa watu kwa kufuga na kuuza pupa za vipepeo vya msituni. Ni dhahiri mtu anayepata hela kutoka kwa kipepeo atamlinda mti anaoula kiwavi wake. Kaya Ribe ni ndogo mno kubeba mradi wa ukubwa huo, na ni takatifu. Lakini ufugaji wa nyuki kandokando yake hauvunji mwiko wowote wa kukata.

Machimbo ya mawe na viwanja vya kujenga ni suala lingine, na hapa uamuzi haumo mikononi mwa mwenye shamba peke yake. Mradi mkubwa ukitaka kuanzishwa karibu na kaya, sheria inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe chini ya NEMA, na wakazi wana haki ya kuisoma na kutoa maoni kabla ya leseni kutolewa. Katiba yenyewe, kifungu cha 69, inaitaka Serikali ilinde rasilimali za kijenetiki na anuwai ya viumbe, na inampa kila mtu wajibu wa kushirikiana katika kuhifadhi mazingira. Jedwali la Nne nalo linazipa kaunti jukumu la kutekeleza sera za kitaifa kuhusu misitu, na upangaji wa matumizi ya ardhi pia ni kazi ya kaunti. Mpango wa matumizi ya ardhi unapoletwa mbele ya wananchi katika baraza, mkazi wa Kambe/Ribe aulize: mpaka wa kaya umechorwa wapi kwenye ramani hii, na ni nini kinachoruhusiwa kando yake? Ni swali halali, na anastahili kujibiwa.

Walimu nao wana nafasi. Somo la mtoto wa Ribe kuhusu uainishaji wa mimea halihitaji mfano wa kutoka kitabu cha ng'ambo wakati jenasi nzima inaota kilomita chache kutoka darasani. Asipelekwe kuichuma, apelekwe kwa mzee wa kaya aelezwe kwa nini haichumwi.

Tahadhari ya mwisho ni kwa wenye hamu. Habari ya mmea adimu huwavuta watu wanaotaka kuuona, kuupiga picha, hata kuondoka na kitawi cha ukumbusho au kujaribu kuupanda nyumbani. Kwa sababu hiyo hatuchapishi hapa ni sehemu gani ya msitu unakoota. Anayetaka kuitembelea kaya aanze kwa wazee na afuatane na mwongozaji wao. Mtafiti au mwanafunzi wa chuo aende na barua kutoka kwa Makavazi ya Kitaifa na leseni ya NACOSTI. Ukimwona mtu anakata, anachimba au anakusanya mimea ndani ya kaya bila wazee kujua, mwarifu mzee wa kaya, naibu wa chifu wa eneo, au ofisi ya Kitengo cha Uhifadhi wa Misitu ya Pwani mjini Kilifi. Na ukikuta, katika msitu wowote mwingine wa kaunti hii, kichaka chenye ua la petali tatu lililokaa juu ya kisahani cha mviringo, usikivunje kitawi: kipige picha, weka alama ya mahali pasipo kukata chochote, na upeleke taarifa katika ofisi hiyo hiyo.